Wamenichua mguu uliovunjika siku 4 mfululizo na hela wamekula, hawa "masaji tiba" nani anawakagua??

Wakuu poleni na majukumu. Nina hasira hapa nilipo, ntaandika ovyo mnivumilie.

Mwezi wa pili tulikua na ndondo mtaani, mi nacheza beki 2, nimeruka kugombea mpira wa juu nikashuka vibaya mguu ukapindia ndani, paaa. Kukanyaga siwezi, enka imeumuka kama andazi. Washkaji wakasema umeteguka tu, kuna sehemu pale barabarani (jina nalihifadhi kwa sasa) wana bango kubwa lina picha ya uti wa mgongo, wanatibu mgongo, nyonga, ganzi, stroki na nguvu za kiume. Hapo tu ningestuka.

Nimeingia narukaruka kwa mguu mmoja nimeshikiliwa mabega. Jamaa kavaa koti jeupe, hajauliza nimeumiaje, hajanambia nijaribu kusimama, alichouliza ni nalipa keshi au kwa simu. Elfu 30 kwa siku, package ya siku 6, unalipa yote mwanzo, 180,000 ikaondoka. Afu mafuta ya moto, dole gumba, na kile kimashine cha kutetemesha kama drili ya fundi, juu ya uvimbe wa siku ileile! Mtu mzima nalia, yeye "vumilia braza, damu iliyoganda inaachia hiyo". Akauvuta mguu ukalia ko, akafurahi, eti umerudi mahali pake.

Siku ya nne mguu zambarau mpaka vidoleni, bimkubwa kanipeleka hospitali kwa nguvu. Picha ikaonyesha ule mfupa mwembamba wa nje una ufa, palepale alipokua anakandamiza dole gumba. Hogo wiki 6.

Nilivyotolewa hogo nikapelekwa kwa fisio (mtaalamu wa kurudisha viungo kwa mazoezi), na huko ndo nimezidi kuchefukwa maana dada wa watu kanambia kuna kipimo cha bure kabisa, madaktari wa Ottawa kule Canada walikitoa 1992: aliyepinda enka kama hawezi kutembea hatua 4, au ukibonyeza lile nundu la mfupa pembeni ya enka, kwa nyuma, anaruka kwa maumivu, kapige picha kwanza. Dakika haiishi. Hatua nne jamani! Mi hata moja sikuweza na yule bwana aliniona naingia.

Na msije mkasema napinga kuchuliwa, huyo fisio naye katumia mikono hiyohiyo. Enka ilikakamaa kama bawaba yenye kutu, anashika kisigino anausukuma mfupa kidogo kidogo, anapima goti linafika wapi nikilisogeza mbele kisigino kikiwa chini, kabla na baada, afu mazoezi ya nyumbani, kusimamia mguu mmoja, kupanda kwa vidole. Anasema mikono yake inafungua njia tu, kazi ni yangu.

Kule kwa koti jeupe nilienda na magongo kudai changu. Nikauliza namba ya usajili, maana sheria ya tiba asili na tiba mbadala ipo toka 2002 na baraza lake lipo, nikaonyeshwa fremu ukutani. Cheti cha semina. Siku mbili!

Leo asubuhi meseji yao hiyo: "Habari boss, umebakiza siku 2 kwenye package yako, karibu umalizie dozi."