Re: Kazi za bustani na viwanja vya jiji hapa Marekani, zina future?

Habari zenu wapendwa. Dada uliyeuliza kama hii kazi ni ya kupitisha majira ya joto tu au mtu anaweza kuifanya mpaka astaafu, mi nasema anaweza kabisa, ila wengi wetu tunachelewa kuomba. Nafasi za msimu zinaanza kutangazwa Januari Februari hivi wakati baridi bado kali, ukija kuulizia Juni timu imeshajaa. Ingia tovuti ya jiji na ya kaunti, zote mbili, maana ni waajiri tofauti, na sehemu nyingi wanatumia governmentjobs.com kwa hiyo taarifa zako unajaza mara moja tu.

Halafu ile fomu ijaze yote. Mara nyingi anayeanza kuisoma ni mtu wa utumishi, sio meneja wa bustani, anaangalia sifa zilizotangazwa na ulichoandika, basi. Ukiandika "angalia CV" umejitoa mwenyewe. Kama umewahi kufundisha watoto mpira kanisani au msikitini weka, walikuwa wa umri gani, wangapi, masaa mangapi kwa wiki, hata kama hukulipwa hiyo ni experience kamili.

Ukishaingia usikae tu na mashine ya kukata nyasi, tafuta cheti. Cheti cha ulaifugadi (lifeguard, mwokoaji wa waogeleaji) cha Red Cross kinadumu miaka 2, unaanzia hapo kama unajua kuogelea vizuri. Mimi ninachokipenda zaidi ni CPSI, ukaguzi wa usalama wa viwanja vya watoto, mtihani wake uko chini ya NRPA, chama cha kitaifa cha fani hii. Supavaiza wetu anacho, asubuhi anazunguka na rula anaichomeka kwenye chipsi za mbao chini ya bembea, mwongozo wa serikali unataka inchi 9 pale ambapo mtoto anaweza kuanguka kutoka futi 10, na chini ya bembea ndo huwa zinaisha haraka kwa sababu watoto wanazipiga teke kila wanaporudi, ikionekana zimepungua tunachukua reki tunazirudisha na yeye anaandika kwenye kitabu tarehe na saa. Kile kitabu ndo kinamlinda yeye na jiji siku mtoto akivunjika mkono. Mtu anayejua kuandika ripoti ya namna hiyo hakai kwenye cheo cha chini muda mrefu.

> Asante kaka. Je bila uraia inawezekana? Na hizo za msimu zina bima?

Dada, kwa kazi za jiji na kaunti kwa kawaida wanachotaka ni ruhusa ya kufanya kazi, grin kadi au EAD (kadi ya kibali cha kazi) inatosha, ila soma tangazo lenyewe. Wanaobana ni serikali kuu, yaani hifadhi za National Park Service, hizo ziko USAJOBS, tovuti ya ajira ya serikali kuu, na kwa kawaida wanataka raia. Kote jiandae kuchukuliwa alama za vidole hasa ukiwa unafanya na watoto, na wakikuuliza kitu kwenye fomu sema ukweli, maana wakikukuta umeficha inakuwa mbaya kuliko kile ulichokuwa unakificha.

Bima kwa kweli za msimu nyingi hazina, na hapo ndo inauma kama una familia. Ndo maana nasema usiizoee. Kuna nafasi zinatangazwa kwa wafanyakazi wa ndani tu, muulize supavaiza kama na nyie wa msimu mnaruhusiwa kuziomba, wengine wanaruhusu wengine hapana. Ukipata ya kudumu unaingia kwenye bima na pensheni, na baada ya hapo ndo fikiria CPRP, kile cheti kikubwa cha NRPA, kinasaidia sana kwenye vyeo vya usimamizi. Ukianza kujaza fomu wiki hii nitumie ile sehemu ya maelezo ya kazi ulizofanya niipitie kabla hujaituma.