Ameacha sindano, hedhi haijarudi: tungoje hadi lini?

Mhudumu wa kijiji, Arua
Habari zenu basawo (wahudumu wa afya). Kuna mama ameacha sindano ya miezi mitatu ya kupanga uzazi, na sasa ni mwezi wa saba tangu ile ya mwisho, hedhi hakuna. Majirani wanamwambia damu imejaa tumboni, anywe mizizi ya kumsafisha. Nimwambie nini?

Mkunga, Mbale
Dada, anza na kipimo cha mimba, hata akiapa haiwezekani. Yai hutoka kabla ya hedhi, kwa hiyo anaweza kushika mimba bila kuona tone la damu. Tumia mkojo wa kwanza wa asubuhi, na usome kwa dakika zilizoandikwa kwenye pakiti. Kikiachwa muda mrefu, mstari hafifu unaweza kujitokeza ukakudanganya. Kikionyesha hana mimba, rudia baada ya wiki mbili. Mizizi aache kabisa.

Damu haijajaa popote. Sindano huzuia yai kupevuka na kuuacha ukuta wa ndani wa mji wa mimba ukiwa mwembamba, basi hakuna cha kumwagika. Kushika mimba tena huchukua wastani wa miezi 10 hivi tangu sindano ya mwisho. Miezi saba isimtishe. Akivuka mwaka, apimwe. Kama hataki mtoto, aanze njia nyingine leo, asingoje hedhi.

Ofisa wa kliniki, Jinja
Damu hujaa kweli kwa msichana ambaye hajavunja ungo, matiti yameshaota, na tumbo la chini humuuma kila mwezi. Huenda kizinda kimeziba. Apelekwe kwa daktari, upasuaji wake ni mdogo, asikatwe nyumbani. Hata bila maumivu, akifika miaka 15 bila hedhi achunguzwe.

Asiyetumia sindano, na mwezi wake ulikuwa haukosi, asipitishe miezi 3 bila hedhi kabla ya kuchunguzwa. Muulize dawa anazomeza: haloperidol na risperidone, dawa za magonjwa ya akili, zinaweza kukata hedhi na kutoa maziwa kwenye chuchu. Asiziache mwenyewe, arudi kwa aliyemwandikia. Uliza pia kama alivuja damu nyingi akijifungua na maziwa hayakutoka. Huenda tezi iliyo chini ya ubongo iliumia. Huyo ni wa hospitali ya rufaa, usimcheleweshe, maana anaweza kuzidiwa ghafla.

Mhudumu wa kijiji, Arua
Asanteni sana. Na anayenyonyesha?

Mkunga, Mbale
Anakingwa na mimba mtoto akiwa chini ya miezi 6, ananyonya tu usiku na mchana bila uji wala maji, na hedhi haijarudi. Likikosekana moja, mpe njia nyingine siku hiyohiyo.