Naomba ushauri: maonyesho ya pamoja ya wachoraji tusiojulikana

Wakuu, habari za leo. Tuko wachoraji sita, majina yetu hayajavuka mtaa, tunataka kufanya maonyesho ya pamoja hapa Dar. Nafasi Art Space, kile kituo cha sanaa pale Mikocheni, tunapajua, ila hatujawahi kubisha hodi. Barua ya kuomba ukumbi inaandikwaje?

Kinachoniumiza kichwa zaidi ni bei. Mteja akisikia mchoraji wa Dar anategemea michoro ya Tingatinga: chui, twiga, rangi za kung'aa. Mimi nachora makonda wa daladala kwenye magunia ya katani, na msimu wa mvua yananuka kweli. Mwaka jana mwenye ukumbi mmoja alikata nusu ya mauzo, nikabaki na nauli tu. Kamisheni ya haki ni asilimia ngapi, jamani? Na mkataba mnaandikishana?