Daktari aliyefungiwa Medicare anamaliza miaka mitano: tumwandikie barua ya kumtetea?

Kaka wa Columbus
Habari za jioni ndugu zangu. Kuna jambo limetugawa hapa Ohio, Marekani, naomba tulijadili kiutu uzima. Daktari mmoja wa kwetu, wengi mnamjua na jina tusilitaje, alikiri mahakamani kwamba maabara fulani ilikuwa inamlipa ili aipelekee damu za wagonjwa wake wa Medicare, ile bima ya serikali ya wazee. Adhabu ya mahakama alishaitumikia. Ofisi ya Mkaguzi Mkuu wa Idara ya Afya, ile OIG, nayo ikamfungia miaka mitano asilipwe na bima za serikali, na mwezi ujao inatimia. Sasa anatuomba tunaomfahamu tumwandikie barua arejeshwe. Mimi nimeshaandika. Alimtibu marehemu mama yangu bure wakati hana bima, siwezi kulisahau hilo. Mke wangu kakataa katakata kusaini. Nyie mnaonaje, mtu huyu arudishwe kwenye Medicare na Medicaid, ile ya wenye kipato kidogo, au ndiyo basi tena?

Mama Zuhura
Mkeo ana akili, msikilize. Huu mwaka wa kumi na moja nalea wazee. Kuna bibi nilikuwa namwangalia, kila wiki anatolewa damu, mkono mweusi kama bilingani. Nikimuuliza za nini, anasema daktari kaagiza. Leo nasoma kwamba kumbe chupa zinaweza kuwa na bei yake! Mmemsahau daktari Farid Fata wa Michigan? Alikuwa anawachoma kemo watu wasio na saratani, mwaka 2015 akapigwa miaka 45 jela. Anayefanya biashara na mwili wa mzee asiiguse tena kadi ya Medicare.

Msaka Tonge
Mama Zuhura, unamweka mpokea bahasha kapu moja na mtu aliyewatia watu sumu. Hiyo si haki. Sheria imesema mitano, mitano imekwisha, anarudi mwenyewe wala barua haihitajiki. Wangetaka iwe milele wangeandika milele.

Karani wa Lowell
Msaka Tonge, hapo umepotoka, na wanaoamini hivyo ndio wanaoungua. Nafanya bili za kliniki, orodha ya OIG ya waliofungiwa naipitia kila mwezi.

Mitano ndiyo ya chini kabisa kwa aliyetiwa hatiani kwa kosa linalogusa programu hizi, na wanaweza kuongeza. Kosa la pili, kumi. La tatu ndiyo hiyo milele unayosema haikuandikwa. Imeandikwa tangu 1997.

Na muda ukiisha hakuna mlango unaojifungua. Lazima aombe kwa maandishi, anaruhusiwa kuanza siku 90 kabla. Asipoomba, hata miaka ishirini ipite jina bado lipo. Akiomba, anawapa ruhusa ya kumchunguza: waliomsimamia baada ya hukumu, kampuni za bima, watu aliofanya nao kazi. Wanaangalia kama amelipa faini na madeni yote ya serikali, au walau ana makubaliano ya kulipa. Wanaangalia kama miaka hiyo alijipenyeza akaendelea kutibu watu wa Medicaid huku bili inakwenda kwa jina la mwenzake. Hilo ndilo linalowamaliza wengi, maana katazo halihusu kushika mgonjwa tu. Hata dawa aliyoiandika yeye hailipwi.

Wakikataa, anakaa mwaka mzima ndipo aombe tena, na uamuzi huo haukatiwi rufaa. Wakikubali, bado safari. Leseni iko mikononi mwa bodi ya jimbo, usajili wa Medicare unaanza upya, na Medicaid ya jimbo ina utaratibu wake.

Kwa hiyo Kaka, barua yako ni ya upendo, lakini muulize kwanza: deni amemaliza?

Kipara wa Tegeta
Ninyi wabeba maboksi mna nafasi. Huku Dar tunahangaika na bima, ninyi mnakesha kumjadili daktari wa Wamarekani. Na huyo daktari kama alisomea Muhimbili, basi alisomeshwa kwa kodi zetu. Arudi nyumbani atutibu sisi.

Mama Zuhura
Kipara, shika adabu yako. Boksi lipi? Ninamgeuza mzee wa kilo tisini usiku wa manane asipate vidonda, ninamlisha kijiko kwa kijiko, ninamsafisha, na akifa ninamfumba macho kwa sababu mwanawe yuko mbali. Kwa kazi hii nimesomesha wadogo zangu watatu, mmoja yuko hapo hapo Tegeta. Hilo neno boksi mmelitumia miaka na miaka kutudhalilisha, na mwisho wa mwezi mnapiga simu.

Mkenya wa Minnesota
Mama umesema ukweli. Mimi wacha nimkumbushe Kipara kwamba haya si mambo ya Wamarekani peke yao. Kwetu Kenya bima ya afya ya serikali, SHA, ilichukua nafasi ya ile ya zamani, NHIF, Oktoba 2024, na kufikia Agosti 2025 Waziri wa Afya Duale alikuwa anasimamisha hospitali kwa madai ya kudanganya kwenye bili. Swali ni lile lile: hospitali ikifunguliwa tena, mwananchi ataambiwa ni kitu gani kimerekebishwa? Hapa angalau kuna orodha, yeyote anaweza kuifungua mtandaoni akasoma majina.

Kipara wa Tegeta
Neno boksi limewachoma, nimeona. Lakini hamjanijibu. Dada yangu ni nesi, aliondoka 2016. Mama yetu ana kisukari, mimi ndiye ninayempeleka kliniki, tunafika saa kumi na moja alfajiri tunatoka mchana. Dada anatuma hela, ndiyo, ila hela haimshiki mama mkono kwenye foleni. Nikisikia daktari wetu anapigana miaka kurudi kumtibu bibi wa Ohio, naumia. Nina haki ya kuumia.

Msaidizi wa Dallas
Kipara, pole kwa mama. Naomba nami niseme, maana mnaongea kama orodha ile ni ya madaktari tu. Sisi pia tumo: manesi, wasaidizi, hata watu wa ofisini. Mwaka juzi wakala niliyekuwa nafanyia kazi aliniondoa kwenye shifti wiki tatu bila malipo. Sababu, jina langu limeonekana kwenye orodha ya OIG. Wengi wetu ni jina la baba na la babu, wa jina langu wako mamia. Aliyeonekana alikuwa mtu mwingine kabisa, jimbo jingine. Hakuna aliyeniomba radhi.

Karani wa Lowell
Dada, huo ulikuwa uzembe wao. Jina likifanana, tovuti ile ile ina sehemu ya kuingiza namba ya Social Security, jibu unalipata papo hapo. Wanaogopa kwa sababu ukimwajiri aliyefungiwa, faini inaweza kupita dola 20,000 kwa kila huduma. Lakini woga wao hauhalalishi kukulaza njaa wiki tatu.

Msaka Tonge
Mnaona sasa? Ndiyo maana namtetea daktari. Mdogo anafutwa kwa kufanana jina, wakubwa wanajadiliana. Mwaka 2007 vigogo watatu wa kampuni ya dawa ya Purdue walikiri kosa la kupotosha kuhusu OxyContin, dawa kali ya maumivu inayolevya, mmoja wao daktari. OIG ikawafungia miaka 20, ikashuka 15, ikashuka 12. Mwaka 2012 mahakama ya rufaa ya Washington DC ikasema kuwafungia ni sawa, ila hiyo 12 haikutolewa sababu za kutosha. Na kampuni ya dawa ya Pfizer? 2009 ililipa dola bilioni 2.3 kumaliza kesi na serikali, dawa zake mpaka leo Medicare inazilipia. Au Salomon Melgen, daktari wa macho wa Florida, alihukumiwa jela miaka 17 kwa kuiibia Medicare, Januari 2021 Trump akamfupishia kifungo. Huyu wa kwetu hana rais.

Mama Zuhura
Wakubwa kuachiwa hakumfanyi mdogo kuwa msafi. Wote wabanwe. Yule bibi wangu hakuwa na rais vilevile.

Kaka wa Columbus
Nimewasoma wote. Karani, nilimpigia jana nikamuuliza swali lako. Alinyamaza kidogo, akasema ameanza kulipa mwezi huu. Miaka mitano, kaanza mwezi huu. Nimemwambia barua yangu naishikilia mpaka anionyeshe makubaliano ya malipo. Imeniuma kumwambia, kwa sababu ya mama.

Mkenya wa Minnesota
Umefanya vyema. Na mkeo umwambie.

Kipara wa Tegeta
Mama Zuhura, neno boksi naliondoa, sikulitafakari. Huyo mdogo wako wa Tegeta anakaa mtaa gani?