Aneurizimu bandia kwenye pankreatitisi sugu: koili zianzie wapi?

Swali
Wakuu, mgonjwa ana pankreatitisi sugu (uvimbe wa kongosho wa muda mrefu) na choo cheusi (dalili ya kuvuja damu tumboni) kinachokuja na kukatika. Endoskopi haikuona kidonda. CT ya awamu ya ateri (picha inayopigwa dawa ya kuonyesha mishipa ikiwa ndani ya ateri) imeonyesha aneurizimu bandia, yaani mfuko wa damu pale ukuta wa mshipa ulipopasuka, kwenye ateri ya gastroduodeni inayopita karibu na kongosho. Je, kuziba shina la ateri (mwanzo wake) kwa koili, nyuzi za metali zinazojikunja ndani ya mshipa, kunatosha, au tujaze mfuko wenyewe?

Jibu
Shina peke yake halitoshi. Ateri hiyo hupata damu pande mbili: juu toka ateri ya ini, chini kupitia matao ya kongosho yanayotoka ateri ya mesenteri ya juu. Ukiziba juu tu, damu itazunguka na kuujaza mfuko kwa chini, na njia ya kurudi umeshaifunga mwenyewe.

Pitisha mikrokatheta (mrija mwembamba sana wa ndani ya mshipa) mbele ya shingo ya mfuko, panga koili ng'ambo, kisha rudi nyuma ukiziba mpaka upande wa huku, bila kuingilia ateri ya ini. Koili iwe pana kuliko mshipa kwa asilimia 10 hadi 20. Nyembamba huchukuliwa na damu. Pana kupita kiasi haijikunji, hunyooka na kuirudisha katheta nyuma. Mfuko wenyewe tafadhali usiujaze peke yake: hauna ukuta wa ateri, unaweza kupasuka mikononi mwako.

Jibu
Nakazia: usitoe katheta kabla ya kupiga picha ya ateri ya mesenteri ya juu. Picha ya shina la siliaki (mshipa unaolisha ateri ya ini) inaweza kuonekana safi kabisa huku mfuko unajazwa kwa chini.

Muulizaji
Na mikrokatheta ikigoma kufika ng'ambo?

Jibu
Tumia gundi ya NBCA (gundi ya kuziba mishipa) iliyochanganywa na lipiodoli, mafuta yanayoonekana kwenye eksirei. Safisha katheta kwa dekstrosi ya asilimia 5, kamwe si salaini, maana gundi huanza kuganda ikigusana na chumvi. Ukishaisukuma, chomoa mara moja, la sivyo ncha itanasa.

Rekebisheni pia INR (kipimo cha kuganda kwa damu) na chembe sahani mapema. Koili hutegemea damu igande juu yake. Kama kuna sisti bandia (mfuko wa majimaji ya kongosho), isitobolewe kwa endoskopi kabla ateri haijazibwa. Aneurizimu ingekuwa kwenye ateri ya ini, na vena ya lango (inayopeleka damu ya utumbo kwenye ini) imeziba, ningeweka stenti iliyofunikwa (bomba la kushikilia mshipa) ili ini lisikose damu.