Msaada wa haraka: mashine imemkataa mteja, anataka sababu

Mtafutanjia: Wakuu, nipo kitengo cha mikopo. Anayeamua ni programu ya akili bandia. Kuna mteja kakataliwa, anadai sababu kwa maandishi, na jibu linatakiwa kesho. Nimwandikieje aelewe? Usingizi umekata.

Fundi Namba: Tumia SHAP, njia ya kuchambua maamuzi ya mashine, ipo tangu 2017. Inaonyesha kila kigezo kimemwongezea au kumpunguzia alama kiasi gani. Msingi wake ni hesabu ya mwanahisabati Lloyd Shapley ya 1953 ya kugawana pato kwa haki.

Bi Nuru: Mteja hataki grafu! Mwambie kipi kingebadilika angepata. Mimi niliwahi kujibiwa "hujakidhi vigezo". Vigezo gani? Iliniuma kuliko kukosa hela.

Nahodha: Mashine isiyojieleza ni hatari. Kuna mfumo wa kutabiri vifo vya nimonia uliojifunza kuwa mwenye pumu yuko salama zaidi. Kumbe wenye pumu walipewa uangalizi wa ziada, ndiyo maana walipona. Kasoro ilionekana kwa sababu kanuni zake zilisomeka.

Fundi Namba: Mleta uzi, SHAP imetoa nini?

Mtafutanjia: Sijaiendesha. Programu ni ya kampuni nyingine, sisi tunaingiza taarifa na kuona alama tu.

Bi Nuru: Sasa waliotangulia mliwapa sababu gani?

Mtafutanjia: Tunachagua kwenye orodha ile inayoelekea. Ya huyu nimeshaiandika: "kipato hakitoshi". Msinihukumu, kipato chake kweli kidogo, na bosi ameridhia.

Nahodha: Huo ni uongo uliopigwa muhuri. Mtu atahangaika kuongeza kipato bure.

Zimamoto: Hii chai. Nani ananunua mfumo usiosema kitu? Na mwenye jibu la kesho anapata wapi muda wa kumjibu kila mtu? Weka picha ya alama.

Mtafutanjia: Taarifa za mteja siweki hapa.

Fundi Namba: Chai au si chai, mifumo hiyo ipo. Ulaya, sheria ya data iliyoanza kutumika 2018 inampa mtu haki ya kudai binadamu aupitie uamuzi wa namna hiyo, uliofanywa na mashine pekee. Mkuu, ingiza ombi upya, badilisha kigezo kimoja kimoja, tazama alama inavyosogea.

Mtafutanjia: Nimejaribu. Kipato nimekiongeza mara mbili, alama haikusogea. Nilipobadilisha muda aliokaa kwenye makazi yake, ikapita.

Bi Nuru: Basi barua hiyo usiitume.

Mtafutanjia: Bosi ameshaisaini. Naanzaje kumwambia?