Naomba ushauri: UPS inazima papo hapo umeme ukikatika

Assalaam alaykum, ndugu zangu wenye ujuzi wa umeme. Kompyuta ya duka langu la kutoa kopi hapa Chake Chake inategemea UPS (kifaa chenye betri kinachoendelea kutoa umeme ukikatika) ya VA 650 yenye betri ya volti 12, Ah 7 (kipimo cha chaji inayohifadhi). UPS hiyo sasa umeme ukikatika hulia mara moja tu na kuzima, ilhali taa yake huonesha kuwa betri imejaa. Nimeichaji usiku kucha, na printa ya leza nimeihamishia kwenye soketi ya ukutani, lakini hali ni ileile. Fundi ananihimiza ninunue mpya (naye ndiye muuzaji). Betri ikipimwa bila mzigo (yaani bila kifaa kinachotumia umeme wake) inasoma volti 12.9. Je, kipimo hicho kinaiondolea betri lawama, au ni lazima ipimwe ikiwa na mzigo? Na nikiweka ya Ah 12 nje ya kasha, chaja ya ndani itaimudu?